Afya ya jamii: ya amri au ya kujadiliana?

Ukikaa na wazee wa huku Tabora watakwambia afya ya jamii enzi za mkoloni ilikua amri tu, malale (ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o) ikiingia watu mnatolewa porini mnakusanywa kijiji kimoja, pori linafyekwa ili mbung'o wakose pa kujificha, hakuna cha kuulizwa unataka au hutaki. Ilisaidia ndio, mtu na mbung'o wakatenganishwa, ila umeacha shamba na makaburi ya babu zako, nani alikulipa?

Sasa njoo 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wanakaa kwenye vikundi wanasikiliza redio, wanajadili, halafu wanaenda kuchimba vyoo wenyewe. Mi hii ndo naikubali, maana choo ulichoamua mwenyewe utakitumia, cha kulazimishwa na bwana afya unawekea kuni (tumeviona sana hivyo jamani).

Siku hizi afya ya jamii imepanuka zaidi, presha na sukari nazo zimo, sio kipindupindu tu. Ila kipindupindu kikija amri inarudi vilevile, mama ntilie anafungiwa hapohapo, na hapo wala sibishi.