Pochi za Ngozi za Mtumba: Unapaka Nini Kwenye Ukame wa Dodoma?

Karibuni tena, watazamaji wetu. Leo mezani kuna pochi tatu zilizotoka kwenye robota la mtumba, na pembeni kuna vilainishi vitano ambavyo watu hupakia ngozi: losheni ya ngozi yenye lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo), kiwi isiyo na rangi, dawa ya silikoni ya kung'arishia dashibodi ya gari, mafuta ya alizeti, na mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya mnyonyo. Tunataka kujua kipi kinairudishia pochi kuukuu ulaini wake ukiwa hapa Dodoma. Nasema hapa Dodoma kwa sababu ushauri mwingi wa mtandaoni umetoka kwa watu wa nchi za baridi na mvua, na adui wao mkubwa ni ukungu. Sisi mvua ikishakata, kuanzia Mei mpaka Novemba ni jua, upepo na vumbi. Ngozi yetu inakufa kwa kukauka.

Ila kwanza tukague pochi zenyewe, maana kuna nyingine hakuna kopo litakaloziokoa.

Kamera isogee hapa. Hii nyeusi, mnaiona inavyobanduka magamba? Hii siyo ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na plastiki hiyo ikizeeka inavunjika yenyewe kwa joto na unyevu wa hewa. Ukipaka rangi juu yake, rangi inaondoka pamoja na gamba. Sokoni utaambiwa ni leza orijino, na anayekuambia wala hacheki. Wewe tafuta sehemu iliyokatwa: tundu la bizimu, mwisho wa mkanda, ukingo wa mfuko wa ndani. Ngozi inaonyesha nyuzinyuzi zilizosukana bila mpangilio. Plastiki inaonyesha matabaka mawili, utando juu na kitambaa chini. Nyeusi tunaiweka kando. Itatusaidia vichwa vya zipu tu.

Hii ya pili ni ngozi kweli, lakini nikipitisha kidole ndani kinatoka na unga mwekundu-kahawia. Huko ni kuoza kwa asidi, kunapata zaidi ngozi kuukuu zilizotengenezwa kwa magome ya miti. Hakuna dawa ya kuirudisha. Mkanda wake lakini bado mzima, na huo ndio tuliokata vipande vitano vya majaribio, mtaviona sasa hivi.

Ya tatu ndiyo yenyewe. Ni Coach ya zamani, kampuni iliyoanzia New York mwaka 1941. Kitasa hiki cha kuzungusha kililetwa na mbunifu Bonnie Cashin, aliyeanza kazi pale mwaka 1962. Wanaofufua pochi wanazipenda hizi kwa sababu ya kawaida tu: nyingi hazina bitana, hazina kadibodi wala sponji ndani, kwa hiyo zinaoshwa kwa maji zikatoka salama. Ndani kuna kipande cha ngozi chenye maandishi na namba. Usinunue kwa sababu ya namba peke yake, namba inaigwa. Angalia mshono uko sawa, herufi zimezama ndani ya ngozi, na vyuma ni vizito.

Kwa vyuma beba sumaku, hata ya spika mbovu. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na ukikisugua utabaki na kijivu. Isiponasa usishangilie bado, maana zinki nayo hainaswi. Tazama mahali palipolika, kwenye pete ya mkanda: brasi ikilika inabaki ya njano mpaka ndani, zinki inaonyesha kijivu.

Kuhusu kuchagua niseme hivi. Pale sokoni Sabasaba au Majengo, pochi chafu yenye zipu mbovu na uzi uliofumuka inauzwa bei ya chini, na kasoro zote hizo zinatengenezeka. Ile inayong'aa lakini imepasuka kwenye mkunjo wa mfuniko itakuwa ghali zaidi, na ule ufa hautarudi. Utaujaza, utaupaka rangi, na siku ukiufungua mfuniko mara nyingi utajionyesha tena. Kunja ngozi taratibu kwa vidole kabla hujatoa hela.

Sasa kuosha. Vumbi kwanza, tena kavu. Tumia brashi laini, pitisha kwenye mishono na chini ya mfuniko, na vuta ndani ya pochi nje. Vumbi letu lina mchanga. Ukianza na kitambaa kibichi umetengeneza tope la kusugulia, na mikwaruzo yake haitoki.

Halafu lita 2 za maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, na kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ya mche hapana. Ngozi ina asidi kidogo, sabuni ya mche ni kali upande wa pili, inakamua mafuta yote na kuiacha ngozi ngumu na yenye madoa meusi. Maji ya moto nayo hapana: ngozi iliyolowa ikipata joto kali inajikunja, na ikishajikunja imeisha hiyo. Kwa pochi isiyo na bitana, kama hii, unaweza kuizamisha yote kwa dakika 10 hadi 15. Maji yatageuka kama chai ya rangi, usiogope, uchafu mwingi ni huo pamoja na rangi kidogo. Pochi yenye bitana au kadibodi usiizamishe kamwe. Gundi itaachia, kadibodi itavimba, na utabaki na umbo la gunia. Hiyo futa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, sehemu ndogo ndogo.

Suuza ya mwisho ndiyo watu wanaikosea hapa kwetu. Maji mengi ya visima yana chumvi, na yakikaukia kwenye ngozi yanaacha mistari myeupe. Watu wanadhani ni ukungu, wanaanza kupaka spiriti. Suuza ya mwisho fanya kwa maji ya mvua uliyoyakinga au chupa ya lita 1.5 ya maji ya kunywa. Na kama hujui ni ukungu au ni mafuta ya ngozi yaliyopanda juu, puliza kwa draya ya nywele kwa mbali kidogo: mafuta yanayeyuka na kupotea, ukungu na chumvi vinabaki. Ukungu wa kweli unaufuta nje ya nyumba, umevaa barakoa, kwa spiriti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, na ujaribu kwanza sehemu isiyoonekana kwa sababu spiriti inaondoa rangi.

Kukausha: jaza ndani fulana nyeupe kuukuu mpaka umbo lirudi. Magazeti yanaacha wino. Weka kivulini, mbali na feni na dirisha lenye upepo, na saa za mwanzo ifunike kwa kitambaa chepesi cha pamba. Najua inaonekana kama kuchelewesha kazi. Ndivyo inavyotakiwa. Maji yakitoka haraka, nyuzi za ngozi zinashikana zikiwa hazina mafuta katikati, na ukiikunja zinakatika. Ngozi ambayo mtu wa Dar anaikausha siku mbili, hapa kiangazi inaweza kuwa ngumu kufikia kesho yake asubuhi. Kwa hiyo usisubiri ikauke kabisa. Ikiwa bado ina ubaridi ukiigusa shavuni, lakini haiachi maji kwenye tishu, hapo paka kilainishi mkono wa kwanza.

Kilainishi gani? Haya, vipande vyetu.

Hiki cha alizeti. Bei rahisi, yanapatikana kila duka kuanzia Singida mpaka Kibaigwa, na siku ya kwanza kipande kilikuwa kizuri kuliko vyote, nakiri. Sasa tazama. Kimekuwa cheusi kuliko wenzake, ukikigusa kinanata, na vumbi limekishika lote. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani yanaganda taratibu, na baadaye yananuka. Mafuta ya kupikia yaende jikoni.

Cha silikoni kinang'aa mno. Kikunje sasa. Sikia kinavyolia, ndani hakijapata kitu. Silikoni imekaa juu tu. Tatizo kubwa linakuja siku utakapotaka kupaka rangi au gundi: havishiki. Ukinunua pochi sokoni inateleza isivyo kawaida na inang'aa kama kiti cha bodaboda mpya, huenda imeshapuliziwa, na kazi yako itaanza na kuiondoa.

Kiwi isiyo na rangi si mbaya, ila imepewa kazi isiyo yake. Ni nta na kiyeyushi. Inafunga uso na kuupa mng'ao wa heshima, hailainishi. Ukiirundika inajaa kwenye mikunjo na kuwa michirizi myeupe. Itumie mwishoni, mkono mmoja mwembamba, kwenye ngozi ambayo imeshalainishwa.

Losheni ya lanolini, ile inayouzwa kwa ajili ya sofa na viti vya gari vya ngozi, imefanya vizuri. Soma kibandiko kwanza: kama silikoni imeandikwa mwanzoni, irudishe. Kipande hiki kinakunjika bila kulia, rangi haijabadilika sana, hakinati. Kwa pochi zilizopakwa rangi nzito, zile ambazo tone la maji linasimama juu bila kuzama, nachagua hii. Kiasi cha kijiko 1 cha chai kinatosha upande mmoja wa pochi ya kawaida. Paka, acha kwa muda wa saa 4, futa kinachobaki, rudia kesho yake.

Na mchanganyiko wa nta na mnyonyo. Gramu 20 za nta ya nyuki, mililita 60 za mafuta ya mnyonyo. Nta ya Manyoni au Kondoa inafaa kabisa, ila iyeyushe na kuichuja kwa kitambaa kwanza, nta ghafi ina uchafu. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke kopo motoni moja kwa moja, nta inashika moto. Ikishayeyuka koroga, mimina kwenye kikopo, ikipoa inakuwa ngumu kiasi cha kiwi. Mnyonyo haugandi hewani kama alizeti, ndiyo maana tumeuchagua. Kwa ngozi inayokunywa maji, kama hii Coach, mchanganyiko huu umenipendeza kuliko losheni: unalainisha na kuzuia unyevu usitoke ovyo. Kasoro yake ni kwamba unatia giza, na kwenye ngozi ya rangi ya maziwa au krimu usiuguse. Usipoufuta vizuri kwa kitambaa kikavu baada ya saa kadhaa, vumbi litakuja kukaa. Mkono mwembamba mara mbili ni bora kuliko mnene mara moja. Ngozi iliyozidishiwa mafuta inalegea na kupoteza umbo, na huwezi kuyakamua yakatoka.

Brasi ni kazi fupi. Kutu ya kijani itoe kwa ndimu na chumvi kwenye pamba ya masikio, futa kwa maji, kausha hapo hapo. Weka karatasi ya nailoni chini ya chuma, asidi isiguse ngozi. Dawa ya kung'arishia shaba ifuate, kidogo.

Zipu ikipishana meno, mara nyingi kichwa kimetanuka. Kibane kwa koleo kidogo kidogo, upande mmoja kisha wa pili, ukijaribu kila mara. Ukikibana kwa nguvu moja kinapasuka, na hapo ndipo utakumbuka ile pochi nyeusi ya magamba.

Uzi uliofumuka usimpelekee fundi cherehani. Sindano ya mashine inatoboa matundu mapya katikati ya ya zamani, na ngozi inachanika kama stempu. Shona kwa mkono, kwa matundu yale yale, uzi wa polyesta wa milimita 0.8 uliopitishwa kwenye nta. Kata uzi mara 4 ya urefu wa mshono, sindano mbili butu, moja kila upande, zote zipite kwenye tundu moja zikipishana. Msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu, utumie kufungua tundu lililoziba tu. Mwisho rudi nyuma matundu 3, kata uzi, yeyusha ncha kwa kiberiti kwa sekunde moja.

Baada ya hapo ukiihifadhi, usiifunge kwenye mfuko wa nailoni hata kama vumbi linakukera. Foronya ya pamba inatosha, na fulana ndani ili isilale. Kiangazi ipake mkono mmoja mwembamba kila baada ya miezi mitatu. Januari na Februari, mvua zikiwa zimeshika, iache, ifungue tu ipate hewa. Wenye pochi za suedi mnaouliza kila siku: hizo msizipake chochote kati ya hivi vitano, zina utaratibu wake na tutazitolea video yake.