Muziki wa ubongo: utulie au utazame?

Tuseme mpiga nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi 8, mmoja wa hapa Kisumu, amepatwa na kiharusi, mikono haimtii tena. Nyimbo bado zimo kichwani. Azitoeje? Njia zipo mbili, na zote hutumia vipokezi vidogo vya kunasa umeme wa ubongo, vinavyobandikwa juu ya ngozi ya kichwa, bila kisu.

Ya kwanza ni kutulia. Ukifumba macho ukapumzika, ubongo hutoa mawimbi ya alfa, kama 8 hadi 13 kwa sekunde. Mwaka 1965 Mmarekani Alvin Lucier aliyakuza mpaka spika zikatikisa ngoma na matoazi. Inapendeza, ila huchagui noti. Na hebu jaribu kutulia huku matatu za Kondele zikipiga honi!

Ya pili ni kutazama. Skrini ina miraba inayowaka na kuzima, kila mmoja kwa kasi yake. Ukikazia macho mmoja, sehemu ya nyuma ya ubongo hufuata kasi ileile, na kompyuta ikajua umechagua upi. Timu ya Eduardo Miranda, Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, iliwapa watu waliopooza njia hii: wao wakichagua vipande, wapigaji wa ala za nyuzi wakivipiga papo hapo. Huchosha macho, na mwenye kifafa cha kuchochewa na mwanga asiikaribie.

Mimi ningempa mzee wetu hii ya pili. Miraba minne, mapigo manne aliyoyazoea, na mjukuu kando yake na zile nyuzi 8. Pete ya chuma ya kidole cha mguu, ile ya kugongea ala kutoa mdundo, aivae huyo mjukuu.