Uzoefu wangu na mashine ya santuri ya Audio-Technica AT-LP60X, kwa sisi wapenzi wa gita moja na sauti moja

Kama unakusanya santuri za waimbaji wanaojitungia nyimbo na kujipigia gita wenyewe, huhitaji mashine ya bei ya kutisha. Nasema hivyo baada ya kukaa na AT-LP60X sebuleni kwangu Mamboleo, hapa Kisumu, hadi sindano yake ya kwanza ikaisha nikaweka nyingine. Niliinunua kwa zaidi kidogo ya shilingi 25,000. Pesa ambayo ingeenda kwenye mashine kubwa imeenda kwenye santuri zenyewe na kwenye kuzitunza, na kwa muziki wa aina hii tofauti unaisikia hapo.

Muziki huu hauna mahali pa kuficha kasoro. Benga iliyochakaa bado inachezeka, kwa sababu besi na ngoma zinafunika mikwaruzo. Sasa weka Pink Moon ya Nick Drake, albamu ya 1972: nyimbo 11, haifiki nusu saa, gita na sauti peke yake isipokuwa piano kidogo kwenye wimbo wa kwanza. Punje moja ya vumbi inalia katikati ya ubeti na hakuna kitu cha kuifunika. Ndiyo maana kwanza naangalia hali ya santuri, kisha sindano, na mashine inakuja ya tatu.

Mashine yenyewe ni rahisi mno. Unavalisha mkanda kwenye mota kupitia dirisha dogo la sahani, unachagua inchi 7 au 12, unachagua kasi, mizunguko 33 au 45 kwa dakika, unabonyeza kitufe. Mkono unainuka wenyewe, unashuka wenyewe, na upande ukiisha unarudi mahali pake. Wengine wanaona huo ni utoto, wanataka kushusha sindano kwa mkono. Mimi nina watoto nyumbani na nashukuru. Nyuma kuna swichi ya kukuza sauti ya sindano, kwa hiyo unaweza kuiunganisha moja kwa moja na spika zenye amplifaya yake au na redio yoyote yenye mahali pa kuchomeka, bila kununua kifaa kingine.

Nikiulizwa mbona sikuchukua mashine ya mtumba kutoka Marekani, jibu ni stima. Mashine nyingi za zamani za huko zilitengenezewa voti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Ukipata transfoma unatatua voti, lakini hezi zetu ni 50, na kama mota inafuata hezi za stima, santuri itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita. Joan Baez atasikika kama mwanamume mwenye usingizi. Hii ya kwangu inatumia adapta ya voti 12, na kasi yake haitegemei hezi za ukutani.

Kuna mipaka yake. Uzito wa sindano umepangwa kiwandani, huwezi kuurekebisha. Ncha ya sindano ni ya duara, na sindano inapokaribia katikati ya santuri mifereji inapita chini yake kwa mwendo mdogo zaidi, hivyo herufi "s" zinaanza kuchachatika. Waimbaji wa gita hupenda kuweka wimbo wa kimya mwishoni mwa upande, na hapo utalisikia jambo hili. Zulia la kitambaa linalokuja nayo linavuta vumbi. Mimi napitisha brashi laini juu ya santuri kila mara kabla ya kushusha mkono.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa magharibi mwa Kenya lazima alifikirie. Sisi tulikuwa na waimbaji wetu wa gita kavu muda mrefu kabla ya kusikia habari za Dylan. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki 1963, alipiga omutibo, mtindo wa gita wa Waluhya, kwa kidole gumba na cha shahada, huku chupa ya Fanta ikikwaruzwa kuweka mapigo. Kwangu "Sengula Nakupenda" inakaa rafu moja na albamu yoyote ya Uingereza au Marekani, na haikai hapo kwa huruma. Lakini muziki wetu mwingi ulitoka kwenye santuri ndogo za 45, si kwenye albamu, na ule wa zamani zaidi ulitoka kwenye zile nzito za 78. Mashine hii haina kasi ya 78. Kama baba yako alikuachia sanduku la hizo, tafuta mashine nyingine na sindano yake maalumu. Kwa za 45 haina shida, hata zenye tundu pana, kwa kuwa kipachiko chake kinakuja ndani ya boksi.

Hizo ndogo natafuta soko la Kibuye, Jumapili asubuhi. Muuzaji mmoja aliniwekea rundo: "Dada yangu, chukua zote nikufanyie bei." Nikamwambia, "Subiri, mzee, nizitazame kwenye jua kwanza." Inamisha santuri taratibu. Mifereji ikimeta kwa weusi, nunua. Ikiwa ya kijivu, sindano butu zimeshaila, na hakuna sabuni itakayoirudisha. Tazama pia karatasi ya katikati: michirizi mingi kuzunguka tundu ni alama kwamba imewekwa na kutolewa mara nyingi sana. Siku hiyo nilichukua Daudi Kabaka mmoja wa lebo ya Equator, nikaacha nyingine zote. Za Roger Whittaker, aliyezaliwa Nairobi 1936, utazikuta mara kwa mara, na nyingi ni safi.

Kuosha natumia maji yasiyo na madini, yale ya kuongeza kwenye betri (maji, si asidi!), na tone la sabuni ya vyombo. Nafuata mzunguko wa mifereji, karatasi ya katikati isilowe, kisha naianika wima kivulini. Spiriti usiguse santuri za 78 hata kidogo, inayeyusha shellac, ile gundi ngumu zilizotengenezwa nayo.

Joto la Kisumu nalo si la kuchezea. Albamu mpya niliyoagiza kutoka ng'ambo ilifika imepinda kama sinia la zamani, na duka halikujibu barua yangu. Tangu hapo naagiza kupitia mtu anayesafiri, na santuri zangu zote zinasimama wima mbali na dirisha, hazilaliani.

Ukiinunua mashine hii, agiza na sindano ya akiba siku hiyo hiyo, jina lake ni ATN3600L. Inachomolewa na kuchomekwa kwa vidole, bei yake ni ndogo, lakini hapa mjini sijaiona dukani, na ile iliyochakaa itakula santuri zako nzuri wakati unangojea mzigo ufike.