Dawati la jinsia la chuo: mapokezi mema, maswali yasiyofaa
Nilimsindikiza binamu yangu wa kike kwenye dawati la jinsia la chuo kimoja jijini Dar es Salaam, kuripoti tuhuma ya ubakaji. Alipokelewa kwa staha, akaelekezwa kuchukua polisi fomu ya PF3, ile ya kufanyiwa uchunguzi hospitalini. Kilichoniuma ni swali la kwanza: alikunywa bia ngapi? Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu ubakaji, hakiitambui ridhaa iliyopatikana mwanamke akiwa amelewa kileo alichopewa na mwanamume aliyemwingilia au mtu mwingine, isipokuwa ithibitike walikubaliana kabla. Ilifaa kuuliza nani alimnywesha. Mtuhumiwa naye, na hili nalisema kwa dhati, aliitwa bila kuonyeshwa maelezo ya tuhuma, ilhali Ibara ya 13(6) ya Katiba inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Nyota tatu kati ya tano.