Kitabu cha Hesabu cha 12,000 na tuisheni ya 40,000 kwa mwezi: nimetumia vyote viwili

Wenzangu wanaotaka kurisiti kidato cha nne huniuliza sana swali hili: ukiwa na hela ya mawazo, ununue vitabu vya Hesabu ujisomee mwenyewe, au ulipe tuisheni ukae darasani? Mimi nimepita kote kuwili hapa Dodoma, nikijiandaa na Basic Mathematics kama mtahiniwa wa kujitegemea. Naandika nilichokipata kila upande, na pale kila upande uliponiacha njiani.

Kwanza mjue nasomea nini, maana ndiyo mizani ninayotumia. Nafanya kazi na wapima ardhi. Mpima anakaa kwenye totali stesheni, ile mashine ya kupima pembe na umbali, mimi natembea na prizimu, kioo ambacho mashine inakilenga, kutoka bikoni hadi bikoni, yaani alama za mipaka, Nala, Ihumwa, Iyumbu, kokote kunakokatwa viwanja. Mchana kutwa nasikia pembe na umbali vikitajwa. Nataka kwenda chuo nisomee upimaji, na cheti changu kina F ya Hesabu. Kwenye pepa ya Necta, baraza letu la mitihani, D inaanzia alama 30, na wapo wanaosoma ili waifikie hiyo 30 tu. Siwalaumu, kila mtu na shida yake. Mimi nataka pia nielewe kinachofanyika ndani ya ile mashine, kwa hiyo mwalimu au kitabu kikinipa njia ya kupata jibu bila kunieleza limetoka wapi, kwangu kimefanya nusu ya kazi.

Nianze na kitabu. Nilinunua cha kiada cha kidato cha tatu, shilingi 12,000. Simtaji mchapishaji kwa sababu ninayoyasema yanahusu vitabu vingi vya namna hiyo. Ndani kuna mahusiano na funksheni, takwimu, mfuatano na mfululizo, duara, dunia kama tufe, na mambo ya uhasibu. Kila mada ina maelezo mafupi, mifano miwili mitatu iliyofanywa hadi mwisho, halafu mazoezi mengi, na majibu yako nyuma.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kinakubali kurudi nyuma. Kwenye funksheni nilikwama, nikaona tatizo haliko kwenye funksheni, liko kwenye kutafuta vigawo, mada ya kidato cha pili. Nikaenda kuazima cha kidato cha pili kwa jirani. Huko nako nikakuta sehemu zenye herufi zinanisumbua, nikashuka tena. Hakuna darasa lolote ninalolijua linaloweza kusimama likamsubiri mtu mmoja ashuke ngazi mbili halafu apande. Kitabu kinasubiri. Nakisoma mchana tukipumzika chini ya mbuyu, na usiku watoto wakishalala. Kimeandikwa Kiingereza kama vilivyo vitabu vingi vya sekondari zetu, na kwa mtu aliyesoma hesabu za msingi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, ile sentensi ya kwanza ya kila mada ni mlima. Lakini sentensi iliyo kwenye karatasi unaisoma mara nne. Ile iliyotoka mdomoni mwa mwalimu imeshapita.

Sasa ubaya wake. Kitabu kinaruka hatua, na kinaruka palepale unapohitaji kushikwa mkono. Mfano ni milinganyo ya kwadratiki kwa njia ya kukamilisha mraba. Swali: x² + 10x = 39. Kitabu kinasema jumlisha 25 pande zote mbili, na mstari unaofuata tayari ni (x + 5)² = 64. Kwa nini 25? Kanuni imeandikwa pembeni: chukua nusu ya namba iliyo mbele ya x, izidishe kwa yenyewe. Sawa, nikaikariri, nikafanya zoezi zima, nikapata yote. Bado sikujua 25 imetoka wapi, na jambo hilo lilinikera kuliko kukosa.

Hapo ndipo tuisheni iliponiokoa. Kituo ninachosoma ni vyumba viwili vya mabati nyuma ya nyumba ya mtu, darasa la watu wazima linaanza saa kumi na mbili jioni, 40,000 kwa mwezi. Mwalimu wa Hesabu alichora mraba ubaoni, kila upande ukiwa x. Ubavuni akabandika mstatili wa x kwa 5, na chini ya mraba mwingine wa x kwa 5. Hiyo mistatili miwili ndiyo 10x. Akatuuliza umbo linakosa nini ili liwe mraba mkubwa kamili. Kona ilikuwa wazi, 5 kwa 5. Ishirini na tano! Akasema: vilivyopo vina eneo la 39, ukiziba kona unapata 64, basi upande wa mraba mkubwa ni 8, na x ni 3. Dada mmoja anayeuza vitenge sokoni Majengo alisema kwa sauti, “Kumbe ndiyo hivyo tu?” na darasa zima lilikuwa linawaza vilevile.

Mwalimu akaongeza kwamba mchoro huo si wake. Ni wa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, na swali hilohilo la 39 limo katika kitabu chake cha aljebra. Jambo hili nimelifikiria sana baadaye. Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita mtu aliweka kwenye kitabu maelezo ambayo mimi nimeyapata kwa kulipia darasa. Kwa hiyo lawama yangu si kwa kusoma kitabuni. Ni kwa waandishi wa vitabu vyetu vya kiada waliouondoa mchoro wakabakiza kanuni, labda kuokoa kurasa. Mchoro ule ungekula robo ukurasa.

Na haki itendeke pande zote: mraba wa ubaoni unatoa jibu moja. Mlinganyo ule una majibu mawili, 3 na hasi 13, kwa sababu kipeuo cha 64 kinaweza kuwa 8 au hasi 8. Urefu wa hasi 13 hauchoreki. Kitabu kilikuwa na majibu yote mawili, tena kwa utaratibu safi, na kwenye pepa ukiandika moja unapoteza alama. Nilipolitaja darasani, mwalimu alifurahi akalieleza upya.

Mada nyingine ambayo darasa liliishinda karatasi waziwazi ni dunia kama tufe. Kwenye kitabu kuna duara lenye mistari iliyopinda, sehemu nyingine imekatikakatika kuonyesha upande wa nyuma, na macho yangu hayakuweza kuuona mpira pale. Mwalimu alikuja na chungwa na kalamu ya wino. Akachora longitudo kutoka juu hadi chini, zote zina urefu mmoja. Akachora latitudo, na kila mtu akaona kwamba kadiri unavyopanda kutoka ikweta duara linapungua, mpaka juu kabisa linakuwa nukta. Ndiyo maana kanuni ya umbali kwenye latitudo ina kosaini na ile ya longitudo haina. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 duara ni nusu ya ikweta kwa sababu kosaini ya 60 ni nusu. Baada ya hapo maswali ya kitabu yakawa mepesi: sehemu mbili zipo longitudo 39 Mashariki, moja nyuzi 5 Kusini, nyingine nyuzi 7 Kusini, zote ziko upande mmoja wa ikweta, unatoa, tofauti ni nyuzi 2, na kwa nusukipenyo cha dunia cha kilomita 6,370 unapata kama kilomita 222. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ndiyo mada tamu kuliko zote.

Lakini tuisheni nayo ina mapungufu yake, na ni makubwa. Darasani kila kitu kinaonekana chepesi kwa sababu chaki ameishika anayejua. Unadesa ubao mzima, unaondoka umeridhika, kesho ukifungua daftari bila yeye huwezi hata swali la kwanza. Waliolipa hela ni wengi, wanaouliza ni walewale watano wa mbele. Umeme ukikatika tunatumia tochi za simu, na nusu saa inapotea. Kinachoniudhi zaidi ni kauli ya “hii haitoki sana”. Pepa ya sasa ina maswali 10 ya sehemu A yenye alama 60 na maswali 4 ya sehemu B yenye alama 40, na unajibu yote kwa saa tatu. Huchagui. Ukiambiwa uruke mada, umeambiwa uache alama mezani.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu shule ya kata, na huwa napitia madaftari yake. Shuleni wana kitu ambacho sisi wa jioni hatuna: ratiba ya kila siku na wenzao wa kukaa nao baada ya kipindi. Lakini darasa lao limejaa sana, na mada inafungwa kwa sababu muhula unaisha, awe ameelewa au la. Daftari lake lina vema nyekundu chini ya kazi ambazo, nikimwuliza, hawezi kunieleza. Kwa hiyo hata anayeenda shule kila siku namshauri awe na kitabu chake mwenyewe, si kile cha kugombania watatu kwenye dawati moja.

Kuna tukio moja kwenye mada ya mfululizo ambalo lilinionyesha thamani ya wenzako. Swali lilitaka jumla ya namba 20 za kwanza za 3, 7, 11 na kuendelea. Nilipata 820. Majibu ya nyuma ya kitabu yanasema 840. Nilirudia hadi usiku wa manane. Kesho yake jioni nikamwuliza jirani yangu wa benchi, naye ana 820. Wa nyuma yake, 820. Mwalimu akaonyesha kwa njia nyingine kabisa: namba ya mwisho ni 79, jumlisha ya kwanza na ya mwisho unapata 82, jumlisha ya pili na ya pili kutoka mwisho bado 82, jozi ziko 10. Kitabu ndicho kilichokosea kuchapa. Peke yangu ningeendelea kuamini kwamba sijui mfululizo.

Kitabu nakipa nyota nne kati ya tano, tuisheni nyota tatu. Ukiwa na hela ya kimoja tu, chukua kitabu. Tena anza na cha kidato cha pili hata kama umri wako umeenda, kwa sababu vigawo, logi na trigonometria ya mwanzo vimo humo na vya juu vyote vimevikalia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure, kwa hiyo mwenye simu na bando anaweza kuanza leo bila kutoa 12,000. Piga msuli miezi kadhaa, uwe na orodha ya sehemu unazokwama, ndipo ulipe tuisheni mwezi mmoja au miwili ukiwa na maswali yako mkononi. Mimi mwezi wangu wa pili ulinifaa kuliko wa kwanza kwa sababu hiyo.

Kabla hujalipa, omba ukae kipindi kimoja bure, vituo vingi vinakubali. Angalia kama mwalimu anapita kwenye madaftari au anaishia ubaoni, na mwulize kama atafundisha maumbo ya pande tatu na yale maswali ya kutafuta faida kubwa kwa mistari ya grafu, maana hizo ndizo mada ambazo kitabu peke yake kilinichosha zaidi. Kwa darasa letu, fikeni mapema mpate mabenchi ya mbele. Kutoka nyuma mwandiko wa namba ndogo za juu hausomeki.