Tiketi ya siku tatu Angkor, kwa jicho la mchonga milango

Nimechonga milango Unguja kwa miaka 22, na muda wote huo nilijua kuwa mlango ni kazi ya mti. Januari nilikwenda Kambodia na mke wangu kuona mahekalu ya kale ya Angkor, nikakuta milango ya mawe. Kwa hiyo haya ni maoni ya fundi: nitasema ya tiketi na ya mtembeza wageni, lakini zaidi nitasema ya kazi yenyewe, maana ndiyo unayoilipia.

Tiketi hainunuliwi mlangoni pa hekalu. Ofisi yake iko mjini Siem Reap, unapigwa picha hapo hapo na sura yako inachapwa juu yake, kwa hiyo humwazimi mtu. Siku moja ni dola 37, siku tatu dola 62, siku saba dola 72. Ile ya siku tatu unaitumia ndani ya siku 10, si lazima mfululizo, na hilo ndilo lililotuokoa. Watoto chini ya miaka 12 hawalipi, ila chukua pasipoti zao. Na katika kila tiketi, dola 2 zinakwenda kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha, zinazotibu bure. Nililipa kwa moyo mweupe.

Siku ya kwanza iliharibika. Tulikuwa tumejiunga na safari ya basi tuliyouziwa hotelini: watu zaidi ya 30, mtembezaji mmoja na kipaza sauti chake, kila mahali ni haraka haraka. Hekalu la Bayon tulipewa dakika 20. Mke wangu alikuwa bado ameinua kichwa anaziangalia zile nyuso kubwa za minara, tukaitwa basini. Nawaomba wenzangu, safari za namna hiyo msizinunue.

Tukapumzika siku moja, kisha tukatafuta mtembezaji wetu wenyewe mwenye leseni. Utawajua kwa mashati yao ya sare. Alikuwa kijana mpole, akiniita "bong", ndivyo Wakhmer, wenyeji wa Kambodia, wanavyomwita kaka au dada mkubwa. Nilipomwambia kazi yangu alinyamaza kidogo, akaipangua ratiba yote. "Bong, leo tunaanzia Banteay Srei."

Banteay Srei iko mbali na mahekalu makubwa, na kwa bajaji yao inayokokotwa na pikipiki unafika umejaa vumbi. Ni hekalu dogo, liliwekwa wakfu mwaka 967, na aliyelijenga hakuwa mfalme bali mwanachuoni wa ikulu aitwaye Yajnavaraha. Jiwe lake ni jiwe la mchanga la rangi ya waridi, na jua la asubuhi likiligusa linakuwa kama mbao iliyopakwa mafuta.

Hapo ndipo nilipouona mlango. Mbao mbili zimefungwa, katikati mfaa, yaani ule mti wa kati wa mlango, uliopambwa vifundo vifundo kuanzia juu mpaka chini, miimo kulia na kushoto, na juu kizingiti kilichojaa majani yanayojikunja yakitoka kinywani mwa zimwi lenye macho makubwa. Vyote jiwe, na haufunguki. Mtembezaji akanieleza kwamba mahekalu mengi ya Wakhmer yana mlango mmoja wa kweli, kwa kawaida upande wa mashariki, na pande tatu zilizobaki huchongwa milango ya namna hii. Nikamwuliza kwa nini wahangaike na mfaa kwenye kitu kisichofunguka. Akasema nyumba zao, hata majumba ya wafalme, zilikuwa za mbao. Mawe yalikuwa ya miungu. Mbao zimeoza zote. Kazi ya maseremala wao imebaki kwenye mawe tu.

Nilisimama pale hadi mke wangu akanishika mkono. Ndani kumezungushiwa kamba, hukaribii, kwa hiyo beba darubini ndogo. Kwa darubini niliona jani lilivyochimbwa kwa nyuma likaachwa limeinuka, kivuli kinapita chini yake. Kwenye msaji kazi hiyo naifanya kwa patasi nyembamba nikiwa nimebana pumzi, na kosa moja jani linaruka. Wao waliifanya kwenye jiwe, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, na jani bado lipo.

Siku ya tatu tulikuwa Angkor Wat, hekalu kubwa kuliko yote huko, saa 11 alfajiri. Wengi hukaa kwenye bwawa la mbele wakingoja jua litokee nyuma ya minara mitano. Ni pazuri, lakini mimi ningekushauri uwahi ukumbi wa mashariki wakati mwanga bado unakuja kwa ubavu. Hapo pana ukuta wa karibu mita 50 unaoonyesha kisa cha Kihindu cha bahari ya maziwa ikisukwasukwa: mashetani 92 upande mmoja, miungu 88 upande wa pili, wanamvuta nyoka kama watu wanaovuta kamba. Nakshi yake haina kina kirefu, na jua likishapanda sana nusu ya kazi inapotea machoni.

Tukaendelea kuzunguka, na nilipopita kona kuelekea kaskazini nikasimama. Miguu ya watu ilikuwa mizito, mikono yote ni ile ile, nafasi zimejazwa ili zijae tu. Nikamwambia mtembezaji: huyu si fundi yule. Akacheka kwa furaha. Hekalu lilijengwa na mfalme Suryavarman II karne ya 12, lakini kuta hizo ziliachwa tupu, zikachongwa karne ya 16. Miaka 400 katikati, na mkono umekwisha kupotea. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu kwetu mafundi wanaojua kuchora mfaa bila karatasi wanahesabika.

Ukitaka kupanda sehemu ya juu kabisa ya Angkor Wat, mabega na magoti yafunikwe. Mke wangu kwa buibui lake alipita bila swali.

Jioni tulirudi Bayon, safari hii kwa saa mbili nzima. Chini ya zile nyuso kuna kuta ambazo watalii wengi huzipita: vita vya majini vya mfalme Jayavarman VII na Wacham, watu wa ufalme jirani wa Champa, na chini yake sokoni, mama anapima bidhaa, wanaume wanapiganisha majogoo, sufuria liko jikoni. Usiku ule tulikula kwa Wacham wenyewe. Wengi wao leo ni Waislamu, na Siem Reap wana msikiti na vyakula vya halali karibu yake. Samaki wao wa tui alinikumbusha nyumbani.

Tiketi ya siku tatu naipa alama zote, na mtembezaji wa peke yenu vilevile. Ya siku moja sikushauri. Mchoro wa ule mlango ninao daftarini. Wiki hii nimeuhamishia kwenye ubao wa msaji, na mfaa ndio ninaoanza nao.