Mzinga wa kioo au mbega wa Meru: usomee wapi ujamaa wa wanyama?

Mtafiti aliyeko Arusha anayetaka kujua ushirikiano wa wanyama ulivyochipuka ana njia mbili za karibu: nyuki, au mbega wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Nyuki hujibu upesi. Kutoka yai hadi nyuki kibarua ni kama siku 20. Mzinga wa kioo huhitaji fremu moja au mbili za masega, kitambaa cheusi cha kuufunika, na bomba la mpira la kuwapitisha nyuki nje ya ukuta. Watie nukta ya rangi mgongoni siku ile ile wanapotoka kwenye sega, kabla hawajaweza kuuma. Rangi ikigusa mabawa, umempoteza. Kosa kubwa huwa kwenye hesabu. Watu huchukua kanuni ya mwanabiolojia Hamilton ya 1964, kwamba mnyama husaidia zaidi ndugu wa karibu, na kudhani vibarua wote wanachangia robo tatu ya jeni, kana kwamba baba yao ni mmoja. Malkia hupandwa na madume zaidi ya kumi! Vibarua wengi basi ni dada wa mama mmoja tu, na undugu wao ni robo. Na nyuki wetu ni wakali, mzinga usikae karibu na njia.

Mbega wanataka subira: miezi kadhaa kulizoesha kundi, kisha kuandika kila dakika 10 nani yuko karibu na nani. Zaidi ya nusu ya siku wamekaa tu. Ukiandika walio matawi ya mbele pekee, takwimu zinapinda. Fuata mmoja mmoja kwa zamu. Vibali vya TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) vianze mapema.

Mwenye miezi sita achague nyuki.